Iliki Hutwangwa Mwisho

Ndani ya ganda la iliki mna mbegu ndogo zenye rangi ya kahawia iliyokolea, na ndani ya mbegu hizo mna mafuta yasiyopenda kukaa. Ganda likiwa zima, mafuta hutulia kwa miezi mingi. Likipasuliwa na mbegu zikasagwa, huanza kuondoka papo hapo, na yakishaondoka hakuna wa kuyarudisha. Naona karibu kila jambo analolifanya mpishi hodari wa nyumbani kwa iliki, tangu anavyoichagua sokoni hadi anavyofunika sufuria, ni jibu kwa tabia hiyo moja. Ndiyo sababu ya kuusifu ufundi ambao wenyewe hawauiti ufundi. Katika nyumba za Kilosa mjini, za Kimamba, za Mikumi na Kidodi, mtu akisifiwa kwamba anajua kupika maandazi, kwa sehemu kubwa anasifiwa kwa kujua wakati: punje ifunguliwe lini, iingie kwenye mafuta au kwenye maji, mfuniko ukae juu kwa muda gani. Iliki yenyewe kila duka la viungo linayo. Kinachotofautisha meza moja na nyingine ni dakika ambazo mpishi amezichagua, na uchaguzi huo una mantiki inayoweza kuelezwa hatua kwa hatua, ingawa jikoni huonyeshwa kwa mkono tu.

Tuanze na mahali. Iliki haimei katika tambarare ya Mkata, wala kando ya barabara kuu ya Zambia inapokatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Ni mmea wa jamii ya tangawizi. Asili yake ni misitu yenye mvua ya kusini-magharibi mwa India, na hutaka kivuli cha miti mirefu, ubaridi, unyevu wa karibu mwaka mzima na mwinuko wa milimani. Kilosa iko bondeni, na jua lake linajulikana. Katika Mkoa wa Morogoro iliki hulimwa kwenye milima ya Uluguru na Nguru. Nje ya mkoa sifa kubwa ni ya Usambara Mashariki, upande wa Amani, ambako Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo mwaka 1902. Mmea hukaa miaka kama mitatu kabla ya kuzaa. Maua yake hayatoki juu penye majani. Hutoka chini kabisa shinani, kwenye vikonyo vinavyotambaa karibu na udongo, kwa hiyo mvunaji hana budi kuinama. Tena matunda hayakomai kwa pamoja. Kikonyo kimoja huwa na maua, matunda machanga na matunda yaliyo tayari, na shamba hupitiwa tena na tena, tunda kwa tunda. Linalochumwa ni lile lililokomaa bila kuiva kabisa, maana lililoiva sana hupasuka likikaushwa. Kilo tano hivi za matunda mabichi hutoa kilo moja ya iliki kavu. Mpishi wa Mikumi anayeokota punje moja iliyoanguka sakafuni na kuirudisha koponi hatendi ubahili; anaitendea haki kazi ya mgongo ulioinama mahali ambako huenda hajawahi kufika.

Ufundi wa nyumbani huanzia kwenye kuchagua, na hapo pua ina neno kuliko jicho. Punje nzuri ni ya kijani, imefumba na ni nzito kwa ukubwa wake. Iliyokaushwa kwa jua kali hupauka, na sehemu ya harufu huwa imekwenda pamoja na rangi. Mnunuzi anayejua huomba kupasua punje moja kwa kucha kabla ya kulipa: mbegu zikiwa zimeshikamana na zinanata kidogo, iliki ni ya juzi, zikiwa kavu, nyekundu na zinatawanyika mkononi, zimekwishazeeka. Nyumbani huwekwa nzima, kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na joto la jiko, na hutwangwa ile ya leo tu. Kinu kidogo kikikosekana hutumika chupa juu ya meza, na hakuna aibu. Wapishi wengi hutia sukari kidogo kinuni pamoja na mbegu, desturi inayoonekana ya kubahatisha mpaka mtu aifikirie. Mbegu za iliki ni ngumu na huteleza chini ya mchi. Chembe za sukari huzikwaruza, na mafuta yanapotoka sukari huyapokea kabla hewa haijayachukua. Kwa pilau, chumvi hufanya kazi hiyo hiyo. Ganda nalo halitupwi. Harufu yake ni ndogo, lakini likiwekwa ndani ya kopo la majani ya chai hutoa polepole kile kilichobaki.

Uzito wa kazi uko motoni. Mafuta ya iliki huyeyuka vyema ndani ya mafuta mengine na kwa shida ndani ya maji. Sehemu yake kubwa ni kemikali mbili, na mojawapo, sineoli, ndiyo inayotawala pia harufu ya majani ya mkaratusi. Hilo linaeleza jambo ambalo kila mlaji amewahi kulionja bila kujua sababu: iliki ikizidi, andazi huanza kukumbusha dawa ya kifua. Kiasi, basi, si suala la uchumi peke yake. Na tazama jinsi viwanda vinavyokamua mafuta hayo. Mvuke hupitishwa kwenye mbegu, unayabeba, unapozwa, kisha mafuta yanakusanywa. Sufuria ya chai inayotokota wazi kwa nusu saa ni kiwanda hicho hicho, ila hapa hakuna anayekusanya. Harufu inayomfikia jirani ni harufu ambayo haimo tena kikombeni. Watu huisifu nyumba inayonukia iliki tangu barabarani. Mpishi mjuzi huipokea sifa hiyo kwa wasiwasi kidogo. Yeye huacha majani na maziwa yachemke kwanza, hutia iliki mwishoni, hufunika na kuepua. Wapo wanaokwenda mbali zaidi: punje zilizopondwa huingia moja kwa moja kwenye chupa ya chai, chai ya moto inamiminwa juu yake, na kizibo kinafungwa. Mvuke hauna pa kwenda. Kwa akina mama wanaouza chai alfajiri kando ya barabara pale Mikumi, ambako madereva wa malori ya Zambia na Kongo husimama, chupa hiyo hukaa saa kadhaa kabla kikombe cha mwisho hakijamiminwa, na njia hiyo ndiyo inayokifanya kikombe hicho kifanane na cha kwanza. Inaeleza pia kwa nini iliki hupendeza zaidi kwenye chai ya maziwa, huku chai ya rangi ikiachiwa tangawizi au mchaichai: mafuta ya maziwa yana mahali pa kuishikia harufu, maji matupu hayana.

Kwenye unga sheria ni ile ile, ila inatimizwa kwa namna nyingine. Mafuta ya kukaangia maandazi huwa na joto kali kupita maji yachemkayo, na iliki iliyodondoshwa humo ingeungua mara moja. Lakini andazi lina maji ndani yake, na maadamu maji hayajaisha, katikati yake joto halipiti sana lile la kuchemka. Ngozi ya nje inakauka na kufunga, mbegu zilizopondwa zinabaki humo ndani salama. Ndiyo maana harufu ya andazi zuri hutoka linapomegwa, si linapoepuliwa. Vitumbua vinadai subira zaidi. Mchele huloweshwa usiku kucha, husagwa na tui la nazi, hutiwa hamira na sukari, kisha huachwa uumuke. Mpishi anayetia iliki tangu mwanzo huiacha ikikaa wazi saa zote hizo za kuumuka. Anayejua huikoroga mwishoni, chuma kikiwa tayari kiko motoni. Na pilau, ambalo wengi hulihesabu kuwa mtihani mkubwa, hutumia njia zote kwa pamoja: punje zilizopasuliwa kidogo huingia kwenye mafuta na vitunguu kabla ya nyama na maji, ili mafuta yashike harufu na kuipaka kila chembe ya mchele, halafu maji yakikaribia kukauka moto hupunguzwa chini, makaa huwekwa juu ya mfuniko, na mvuke uliobaki hulazimishwa kurudi ndani ya wali. Makaa yale ya juu watu huyaeleza kuwa ni ya kukausha wali. Ni kweli, ila kazi yao ya pili ni kuufanya mfuniko uwe wa moto kiasi kwamba mvuke haugeuki maji na kudondoka ukiloanisha wali wa juu.

Hapa anaweza kusimama mtu mwenye haraka na kuuliza: ya nini yote haya, na poda ya iliki ipo, na pakiti ya viungo vya pilau iliyochanganywa tayari ipo, na mtu ana watoto wa kupeleka shule? Swali ni la haki, na sidhani linajibiwa kwa kumsuta anayeliuliza. Pakiti inaokoa dakika kumi, na kwa mtu mwenye dakika kumi pungufu hilo ni jambo. Lakini iangaliwe inachokifanya. Kwanza, poda ilianza kupoteza harufu siku iliyosagwa, si siku iliyofunguliwa, na mnunuzi hana njia ya kupasua kitu kwa kucha akajua. Pili, na hili ndilo zito, mchanganyiko hulazimisha viungo vyote viingie sufuriani kwa wakati mmoja. Mdalasini ni gome gumu linalotoa harufu yake taratibu. Bizari nyembamba hutaka kuguswa na mafuta ya moto. Karafuu ni kali na haisahauliki hata ikichemshwa sana. Iliki ndiyo ya kwanza kutoroka. Ukivisaga pamoja, umeondoa kitu pekee ambacho mpishi alikuwa nacho mkononi, yaani uwezo wa kukipa kila kimoja zamu yake. Pilau la pakiti halina ubaya. Hulingana kila mara, na hulingana kwa sababu hakuna aliyeamua lolote. Mwenye haraka, kwa maoni yangu, angeokoa muda pengine: anunue vitunguu saumu vilivyomenywa, asage nazi kwa mashine, lakini punje tano za iliki azipasue mwenyewe, kwani hazimgharimu hata dakika moja.

Pingamizi la pili ni la heshima zaidi, na linatoka kwa watu wanaopenda bara lao. Iliki, wanasema, ni mambo ya pwani, ya Waarabu na Wahindi. Chakula cha Wasagara, Wakaguru na Wavidunda ni ugali, mlenda, kunde, maboga, na kuisifu iliki ya Kilosa ni kusifu nguo ya kuazima. Sikubaliani, ingawa naelewa hofu iliyomo. Sidai iliki iingie kwenye mlenda, Mungu apishe mbali. Lakini tutazame ni nani duniani aliyeimiliki iliki kwa sababu tu inaota kwake. Guatemala ndiyo nchi inayouza iliki nyingi kuliko zote. Mmea ulipelekwa huko mapema karne ya 20, na mpaka leo wananchi wenyewe karibu hawaipiki, yote hupakiwa meli. Kinyume chake, Sweden na Finland, ambako mmea huo ungekufa usiku mmoja wa baridi, zina mikate ya iliki inayookwa nyumbani kiasi kwamba bila kiungo hicho haihesabiwi kuwa mikate ya kwao. Oman hainywi kahawa yake bila iliki, na iliki hiyo huja kwa meli. Kiungo huwa cha yule aliyejifunza kukitumia. Na Kilosa haikuipokea mikono mitupu. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1909, mashamba ya mkonge yakavuta watu kutoka kila upande wa nchi, maduka ya Wahindi yakafunguliwa, na viungo vikapanda treni kutoka pwani pamoja na chumvi na kanga. Vilivyokutana navyo viungo hivyo ni vya hapa: mchele wa mabonde ya wilaya, ndizi, maboga, viazi vitamu, na baadaye sukari, kwa kuwa miwa ya Kilombero imelimwa pande zote mbili za Mto Ruaha Mkuu, na upande mmoja ni Kilosa. Boga la mwenyeji lililopikwa kwa tui na punje mbili za iliki kwenye futari ya Ramadhani ni chakula cha Kilosa kwa kipimo chochote ninachokijua. 

Kuhusu bei sina mengi. Ni kweli kwamba kwa uzito iliki hushika nafasi karibu na kilele, nyuma ya zafarani na vanila. Lakini hakuna anayekula iliki kwa uzito. Gramu mia moja zina punje mia kadhaa, na chai ya familia haihitaji zaidi ya tatu. Anayesema ni kiungo cha matajiri amewahi kuangalia bei ya kilo, hajawahi kuangalia kinu.

Pingamizi linalonisumbua kwa kweli ni la msitu. Kwa kuwa iliki hupenda kivuli, mkulima haangushi miti mikubwa. Hufyeka vichaka na miche iliyo chini yake, na kwa macho ya mpita njia msitu unabaki umesimama. Lakini miti mizee haina tena watoto wa kuirithi. Katika Usambara Mashariki na Nguru hilo limeonekana wazi: baada ya miaka kadhaa udongo huchoka, mavuno hushuka, na shamba la iliki hugeuzwa la mihogo au mahindi, na hapo ndipo miti mikubwa nayo huangushwa. Wakazi wa Kilosa hawahitaji kuelezwa maana ya milima iliyo uchi. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 yalizifikia nyumba zao na kuikata reli kwa miezi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba punje tatu kwenye sufuria hazina uhusiano na jambo hilo. Naweza kusema kwamba zina uhusiano mdogo, kwa sababu iliki inayofyeka msitu ni ile ya magunia yanayokwenda nje, na kwamba mpishi wa aina ninayoisifu hapa ndiye mteja asiyeweza kuridhishwa na wingi. Anataka punje ya kijani iliyovunwa kwa wakati wake na kukaushwa kivulini, na punje hiyo hutoka kwa mkulima mwenye nafasi ya kuitunza. Usambara Mashariki yamefanyika majaribio ya kupanda iliki nje ya msitu wa asili, chini ya migrevilea iliyopandwa, pamoja na pilipili manga inayopanda juu ya miti hiyo. Kilimo cha namna hiyo kinagharimu mbolea na jasho, na kitadumu tu kukiwa na mnunuzi anayejua tofauti kwa pua. Soko la nje hununua kwa rangi na ukubwa. Pua iko jikoni. Nakiri kwamba hoja hii haiumalizi ubishi. Mteja mmoja mwenye pua hawezi kushindana na kontena. Lakini inaonyesha upande ambao ufundi huu unasukuma, na ni upande wa uchache.

Linabaki suala ambalo wapishi wenyewe wanalishughulikia sasa hivi, bila kusubiri insha ya mtu. Mkaa unaondoka. Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi imeshaingia nyumba nyingi za Kilosa na Mikumi. Kwa macho, mapafu na milima ya mkoa huu ni heri. Kwa pilau ni tatizo la kiufundi, maana gesi huwaka chini tu. Hakuna makaa ya kupandisha juu ya mfuniko. Walioanza mapema wamekwishapata njia. Huweka kikaango kizito cha chapati kati ya moto na sufuria ili joto lisambae na chini pasiungue, hufunga mfuniko kwa kitambaa safi kinachonyonya mvuke usidondoke, na hupunguza moto mpaka ukaribie kuzimika. Lakini kitambaa kinachonyonya mvuke hunyonya na harufu, kwa hiyo hesabu ya iliki nayo imebadilika: sehemu moja huingia kwenye mafuta na vitunguu kama zamani, na nyingine, iliyotwangwa dakika ile ile na chumvi, hunyunyizwa juu ya wali maji yanapokaribia kukauka, kabla ya kufunika kwa mara ya mwisho.